Tabora Ikitaka Maua, Ianze na Kaushio

Mwaka 2007 mtafiti Adrian Williams wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, alitoa hesabu ambayo hadi leo inawashtua wanaoisikia kwa mara ya kwanza. Alilinganisha mawaridi 12,000 yaliyokuzwa Kenya na mengine 12,000 yaliyokuzwa Uholanzi, yote ya kuuzwa Uingereza, akajumlisha hewa ukaa iliyotoka njia nzima. Ya Kenya, safari ya ndege ikiwemo, yalitoa takriban kilo 6,000. Ya Uholanzi, ambayo yalivuka kipande kidogo tu cha bahari, yalitoa takriban kilo 35,000. Kwa shina moja ni nusu kilo upande wa Kenya na karibu kilo tatu upande wa Uholanzi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni joto. Uholanzi wakati wa baridi waridi linalelewa ndani ya kitalu nyumba kinachopashwa moto kwa gesi na kumulikwa taa saa nyingi. Naivasha, kwenye mashamba ya maua ya Kenya, kazi hiyo inafanywa na jua, bila bili. Ndege nayo inachafua, tena sana, lakini siku hiyo haikufua dafu mbele ya boila.

Nimeanza na waridi la watu kwa sababu sisi wa Tabora tuna mazoea ya kuitafuta hewa ukaa mahali ambapo haipo. Ukisema kilimo cha kijani hapa, kitu cha kwanza kuletwa ni miche. Itapangwa viroba kwa viroba, kiongozi atashika jembe, picha zitapigwa, na mwaka unaofuata kwenye mashimo yaleyale patakuwa na vijiti vikavu. Sipingi kupanda miti. Nasema tu kwamba swali la kwanza kwa zao lolote linalotaka kuitwa la kijani ni hili: joto lake linatoka wapi, na baridi yake inatoka wapi? Miche ingesubiri kidogo.

Swali hilo limekuwa la haraka. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huku kazi ya kuifikisha reli hiyo Tabora, Isaka na Kigoma ikiendelea, vijiwe vya mjini vimejaa ndoto za zao jipya. Mmoja anataja parachichi, mwingine mboga, na siku hizi maua yanatajwa sana, kwa sababu mtu akisikia maua anaona Arusha, anaona Naivasha, anaona malipo ya dola. Msimamo wangu ni kwamba maua Tabora yanawezekana, ila si yale. Tukilazimisha waridi la kukata tutauziwa mbuzi kwenye gunia.

Waridi linapenda nyanda za juu zenye usiku wa baridi. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na anayeijua Oktoba ya hapa hahitaji kipimajoto kumwambia kwamba kitalu nyumba kingegeuka tanuri. Maji nayo tuliyasubiri miaka na mikaka mpaka bomba la Ziwa Victoria lilipofika kupitia Igunga na Nzega, na diwani atakayeyaelekeza kwenye maua ya kwenda Ulaya wakati mtaa wake bado unabeba ndoo, atafute kazi nyingine mapema. Halafu kuna baridi. Waridi likikatwa linatakiwa liingie chumba cha ubaridi ndani ya saa chache na lisitoke kwenye ubaridi huo hadi kwa mnunuzi. Kutoka hapa hadi uwanja wa Kilimanjaro au Nairobi, ambako maua mengi ya kanda hii hupandishwa ndege, ni safari ndefu ya lori lenye jokofu linalonguruma njia nzima. Na majokofu yana siri yao: gesi aina ya R404A, iliyoenea sana kwenye vyumba vya ubaridi, ikivuja kilo moja tu inapasha dunia joto sawa na kilo zaidi ya 3,900 za hewa ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo.

Wakulima wa maua wa Naivasha hawakukaa tu kusubiri lawama. Shamba la Oserian, lililo jirani na visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria, lilichukua joto hilo kupasha vitalu vyake usiku, kwani unyevu wa usiku huleta ukungu na ukungu huleta dawa. Hata hewa ukaa inayotoka na mvuke wa kisima iliingizwa kitaluni iliwe na mimea. Yapo mashamba yanayofuga wadudu wanaokula utitiri mwekundu, pampu ya dawa ikabaki stoo. Wapo wanaopeleka maua kwa meli kutoka Mombasa, yakiwa yamelazwa kwenye makontena ya ubaridi kwa wiki kadhaa, jambo ambalo zamani ungelisema ungechekwa. Njia hiyo ilipata pigo mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ua bichi halina subira ya kuzunguka Afrika nzima.

Hapo ndipo penye somo letu. Ua bichi kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ndege inayopeleka mawaridi Ulaya kimsingi inasafirisha maji ya Naivasha kwa bei ya dhahabu. Kwa mzigo uleule na umbali uleule, ndege hutoa hewa ukaa takriban mara 50 ya meli. Ua linalouzwa likiwa kavu linaacha maji yake shambani, linapanda treni kwenye gunia, linashuka Dar es Salaam, linaingia kontena la kawaida lisilo na jokofu, na meli ikichelewa wiki mbili hakuna anayelia.

Nazungumzia choya, ambayo wengine huiita rozela. Watu wa Dodoma wameijua siku nyingi kwa juisi na mvinyo, Wasudani ndio hao wenye kinywaji chao mashuhuri cha karkade, na huko Ulaya choya inaingia kwenye pakiti za chai nyekundu. Kinachouzwa ni kile kikombe chekundu kinene kinachobaki na kuendelea kukua baada ya petali kuanguka. Mchumaji anakata, anatoboa kwa kibomba kidogo cha chuma kuitoa tumba ya mbegu katikati, kisha anaanika. Kazi hiyo ya kutoboa ni ya vidole na inachosha. Anayeifanya kutwa nzima jioni mikono imekuwa ya zambarau na inanata.

Uzuri wa choya kwa mtu wa Tabora uko kwenye kalenda. Ni mmea unaongoja mchana upungue ndipo uchanue. Ukipandwa na mvua za Desemba, unakua majani tu mwanzoni, halafu maua yanakuja mvua zikielekea ukingoni, na mavuno makubwa yanaangukia mwezi wa nne kwenda wa sita. Mei ya Tabora unaijua: anga limefunguka, upepo mkavu, umande kidogo alfajiri. Yaani zao linaiva wakati ule ambao jua letu halina mshindani. Tumbaku ni kinyume chake. Jani lake huvunwa kuanzia Januari na Februari, mvua ikiwa bado juu ya paa, na ndiyo sababu moja ya kuni kuwa roho ya zao hilo tangu siku ya kwanza.

Sasa tupige hesabu, kwa kukadiria, kalamu mkononi. Kilo 10 za choya mbichi zinatoa kilo 1 kavu, kwa hiyo kuna kilo 9 za maji za kufukuza. Kufukuza kilo moja ya maji kunataka nishati ya megajuli 2.4 hivi, na hiyo ni sheria ya fizikia, haibembelezwi. Jumla ni megajuli 22 kasoro kidogo. Kilo moja ya kuni iliyokauka vizuri ina megajuli 15 au 16. Kama hakuna joto hata chembe linalopotea, kilo moja na nusu ya kuni ingetosha. Lakini tanuri la kizamani likifanikiwa kutumia sehemu moja ya tano ya joto lake kukausha, limejitahidi. Tunafika kwenye kilo 7 za kuni kwa kila kilo moja ya choya kavu, na kilo 7 za kuni zikiungua zinatoa hewa ukaa kama kilo 11.

Linganisha na usafiri. Kilo hiyohiyo ya choya kavu kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya kaskazini mwa Ulaya kwa meli inatoa robo kilo ya hewa ukaa, pengine pungufu. Hata ingepandishwa ndege, ingetoa kati ya kilo 4 na 8. Kwa maneno mengine, choya iliyokaushwa kwa kuni za miombo hapa nyumbani inachafua anga kuliko choya iliyokaushwa juani ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Narudia kwa sababu mwenyewe nilipoona jibu niliirudia hesabu: moto wa wiki moja kijijini unaishinda ndege.

Kuna atakayesema kuni si sawa na mafuta ya taa, mti ni kiumbe, ukikatwa unaota tena na kuivuta ile hewa ukaa upya. Ni kweli, kwa sharti. Miombo ina tabia njema ya kuchipua kutoka kwenye kisiki, na msitu uliokatwa ukaachwa unarudi baada ya miongo miwili, mitatu au zaidi. Unatakiwa uachwe. Usilimwe, usichomwe kila Agosti, usiingizwe ng'ombe mia tatu. Mnijibu ni kisiki gani cha Kaliua au Sikonge kilichopata likizo ya miaka 30.

Mwingine atauliza: nani atakausha choya kwa kuni wakati jua la Mei lipo bure? Huyo hajatembea Urambo mwezi wa tano. Ukiingia vijijini wakati huo utayakuta mabani ya tumbaku, vibanda vya kukaushia jani kwa moto, yamesimama matupu, msimu wake wa moto umekwisha. Majengo yapo, fito zipo, mabomba ya joto yapo, na wapo watu wanaojua kukaa na moto kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Siku mnunuzi atakapotaka tani 20 kwa wiki tatu, halafu wingu la Aprili likapita na kulowesha turubai la mtu mmoja, au vumbi la bodaboda likashusha bei ya mwingine, jirani atakumbuka kwamba ana bani. Hatakuwa na kosa lolote. Atakuwa anatumia alichonacho, na kufika Juni kijiji kizima kitakuwa kimemfuata.

Bani lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu na wanaozungumzia kaboni kutoka kumbi za hoteli. Ni kibanda kirefu cha matofali, bila dirisha la maana. Ndani fito zimepandana tabaka kwa tabaka, kila fito ikiwa imefungwa majani mabichi. Kutoka kwenye tanuri mabomba ya bati yanapita sakafuni, yanazunguka na kutokea kwenye dohani. Joto linaanzia nyuzi 35 hivi ili jani liive manjano, linapandishwa taratibu mpaka nyuzi 70 hivi uti wa jani ukauke, siku tano hadi saba, usiku na mchana. Anayelinda moto hana muda wa kupasua kuni. Anaingiza gogo zima, ncha ikiwa ndani na kiwiliwili chake kikiwa nje kwenye vumbi, na kila likiungua analisukuma kwa mguu. Kwa sababu gogo limetokeza, mlango wa tanuri haufungwi. Hewa baridi inaingia inavyotaka, na sehemu kubwa ya joto inapandia dohani kwenda kuwapasha moto ndege wa usiku. Moto ukizima saa nane usiku jani linaharibika, na mteuzi wa tumbaku sokoni hana huruma na usingizi wa mtu: daraja linashuka papo hapo.

Majiko bora yapo. Malawi walibuni mabani yenye tanuri dogo lililofungwa, linalokula kuni zilizopasuliwa, na matumizi ya kuni yalipungua sana. Hapa kwetu pia yamejengwa. Kwa nini basi hayakuenea mpaka bani la kizamani likawa kumbukumbu? Kwa maoni yangu ni kwa sababu kuni hazina bei. Mkulima wa tumbaku anaandika kwenye daftari mbolea, kamba, vibarua, riba ya mkopo. Kuni haziandikwi. Zinatoka porini, malipo yake ni jasho na mkokoteni wa ng'ombe. Kampuni inayonunua nayo haizilipi kama kuni, na mvutaji wa sigara wa mbali hajui kama ziliwahi kuwepo. Kitu ambacho hakuna anayekilipia hakuna atakayekiokoa. Watafiti wa Chuo cha Imperial, London, mwaka 2018 walikadiria kwamba tumbaku ya dunia nzima, tangu shambani hadi kishungi, inatoa tani milioni 84 za hewa ukaa na gesi wenzake kwa mwaka, na ukaushaji ni moja ya vipande vizito vya hesabu hiyo. Kipande hicho kiko huku, kwenye miti ya miyombo na mitundu ya Unyamwezi.

Na historia ya Urambo ingetosha kutufanya tuwe wagumu kidogo wa kushawishika. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, matrekta kwa mamia, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Kilichofuata Urambo ni tumbaku. Mara zote mbili watu walikuja na zao kwanza, maswali ya udongo na kuni yakaja nyuma yakihema.

Kwa hiyo ninachokitaka kwa choya ni kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kaushio la jua liwe sehemu ya pembejeo, liandikwe kwenye mkataba kama mbegu inavyoandikwa. Kaushio si mtambo wa kutisha. Ni fremu ya mbao au mabomba, nailoni ngumu ya kitalu juu, upande wa kuingilia hewa umepakwa rangi nyeusi ili upashike, trei za wavu ndani, na feni ndogo inayozungushwa na paneli ya sola. Hewa ya ndani inafika nyuzi 50 na zaidi mchana wa kawaida. Vumbi haliingii, kuku hawapandi, wingu likipita hakuna anayekimbia kukunja turubai. Rangi nyekundu, ambayo ndiyo mnunuzi wa chai anailipia, haipauki kama ile iliyolala juani moja kwa moja. Nailoni itachanika baada ya misimu michache na lazima kuwe na fungu la kuibadilisha, jambo ambalo miradi mingi husahau. Nimeona mifupa ya makaushio ya namna hiyo imegeuzwa chanja za kuanikia nguo.

Usiku ndio mtihani. Choya kavu ina uchu wa maji. Ukiiacha wazi usiku mmoja wenye umande inavuta unyevu na kulainika, ukungu ukaanza kunusa. Kaushio linataka kufungwa jioni, na mzigo uliokwisha kukauka uingie mfuko wa nailoni siku hiyohiyo, usilale kwenye trei ukisubiri wenzake. Haya ni mambo ya nidhamu ya ghala, na AMCOS za Tabora, yaani vyama vya ushirika vya mazao, zina wakulima wanaojua kupanga marobota na kutunza daraja. Ujuzi huo wa tumbaku ndio unaofaa kuhamishwa. Moto wake tuuache ulipo.

Nani alipe? Mkulima mmoja hawezi na hapaswi. Kaushio la kuhudumia wakulima 30 au 40 ni mali ya chama. Kampuni za tumbaku kwa miaka mingi zimekopesha mbolea na kukata deni lao juu ya robota. Anayetaka choya ya kijani akopeshe kaushio vivyo hivyo, ila deni ligawanywe misimu minne au mitano, lisichunwe lote mwaka wa kwanza mkulima akabaki anakodoa macho. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. Fedha hizo huishia mara nyingi kwenye bodaboda na vibanda vya bidhaa zilezile zinazouzwa mlango wa pili. Kikundi cha wanawake chenye kaushio lake kinaweza kumtoza mkulima kwa kilo na kuwa na mapato hata mwezi wa choya ukiisha, kwa sababu nyanya, embe na mchicha navyo vinakauka. Embe za Tabora, zilizopandwa tangu enzi za misafara, zinaoza chini ya miti kila msimu wake.

Shambani kwenyewe mambo ni mepesi zaidi, ila kuna tego. Choya haili mbolea kama tumbaku, na hilo ni jema: mbolea ya chumvichumvi ya naitrojeni ikizidi udongoni hugeuka kwa sehemu kuwa gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo moja yake ni sawa na kilo 270 hivi za hewa ukaa. Samadi iliyoiva na mstari wa karanga pembeni vinaweza kutosha. Tego ni minyoo fundo. Wale minyoo wadogo wanaovimbisha mizizi ya tumbaku wanaipenda choya pia, kwa hiyo mtu akichomoa tumbaku na kupanda choya palepale msimu unaofuata anaweza kuvuna huzuni. Karanga zikae katikati msimu mmoja au miwili, au mahindi ikiwa hakuna budi. Mkulima anayeshauriwa vibaya hapa atasema choya imekataa ardhi ya Tabora, atafyeka pori jipya, na hapo hesabu yote ya kijani imekwisha. Pori la miombo likifyekwa na kuchomwa ili kupata shamba linatoa hewa ukaa ambayo kaushio la jua litaifidia kwa miaka mingi mno. Mkataba useme wazi: choya hulimwa kwenye shamba lililokwisha kufunguliwa. Ramani siku hizi iko mfukoni, simu ina picha za setelaiti, na mnunuzi akitaka kuhakikisha atahakikisha.

Alizeti naitaja kwa kifupi kwa sababu yenyewe imejipanga. Igunga na Nzega wanailima, inakauka kichwani ikiwa bado shambani, na maganda yake yanaweza kuwasha boila la kiwanda badala ya kuni. Tatizo lake ni bei na mashine zinazokamua nusu, ambalo linahitaji siku yake.

Asali haiwezi kupita kimya, kwani ndiyo biashara ya maua kongwe kuliko zote Tabora. Mtundu na muyombo vikichanua, nyuki ndiye mchumaji, ndiye mchakataji na ndiye mpakiaji, kwa nishati ya mabawa. Gogo la mtundu linaloingia tanurini ni chakula cha mzinga kilichogeuzwa moshi, na wafugaji nyuki wa Sikonge wamelisema hilo mpaka wamechoka. Hata wao wana la kujirekebisha: mzinga wa gome unaua mti mzima kwa kuuchuna ngozi, na kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki hapahapa mjini kinachofundisha mizinga isiyoua. Ningependa kuona AMCOS ya choya ikianza na wafugaji nyuki kama wanachama, kwa sababu wao tayari wana sababu ya fedha ya kuutaka msitu usimame.

Watu wataniuliza kuhusu biashara ya kaboni. Majirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, Katavi, wameonyesha inawezekana: vijiji vya ukanda wa milima ya Ntakata vimelipwa kwa kuulinda msitu, na fedha zimejenga zahanati na madarasa. Kanuni za taifa zipo tangu 2022, na kituo cha kufuatilia kaboni kiko pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Inafaa kwa msitu mkubwa wenye mpaka unaojulikana na kijiji kinachoelewana. Kwa kaushio moja moja la kijiji, gharama ya kupima na kuhakiki inaweza kuimeza faida yote. Choya isimame kwa bei yake yenyewe, na ujira wa kijani uingizwe kwenye bei ya kilo, mnunuzi akilipa zaidi kwa mfuko unaothibitika haukupita kwenye bani. Kuthibitisha si kazi ngumu kiasi hicho. Ua lililokaushwa kwa tanuri linalovuja hunuka moshi, na mwonja chai hadanganyiki.

Wanunuzi wa mazao ya aina hii huja kuzungumza kiangazi, kabla ya mvua. Mbegu inaingia ardhini Desemba, kaushio linatakiwa liwe limesimama Machi. Viongozi wa vyama watakaokaa nao mezani wana nafasi ya kuuliza jambo moja kabla ya kufikia bei: hizi tani unazozitaka mwezi wa tano, umepanga zikaushwe na nini? Akijibu kwamba hilo ni juu ya mkulima, basi kuni tayari zimo ndani ya bei aliyokuja nayo, na chama kiwe na haki ya kuzitaja kwa kilo na kumwandikia ankara.